Andika Alichofanya, Usiandike Alivyo
Mwongozo wa upimaji kwa mwalimu wa darasa la awali

Fomu ya maendeleo ya mtoto wa awali huwa na nafasi ndogo ya maoni ya mwalimu, na hapo ndipo mzazi anapoanzia kusoma. Huandikwa "anajitahidi", "mtundu", "mzito kidogo", "ana akili sana". Ukiyapima maneno hayo utaona hakuna hata moja linalosema mtoto alifanya nini; yote yanaeleza mwalimu alivyomwona. Mwongozo huu unakuomba wewe unayefundisha awali Tanzania, au PP1 na PP2 Kenya, ubadilishe jambo moja tu katika upimaji wako. Andika kwanza tendo uliloliona kwa macho, tarehe yake na msaada uliotoa, na hukumu uiweke kando mpaka matendo yawe ya kutosha kuibeba. Nasema hivyo kwa sababu mtoto wa umri huu hafanyi mtihani wa karatasi unaoweza kusahihishwa na mtu asiyemjua. Kipimo ni wewe: macho yako, masikio yako, na yale unayoyaamini kuhusu watoto, ambayo huwa yako kazini hata kama hujawahi kuyatamka.

Imani hizo hazikuanzia chuoni. Mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie, katika kitabu chake Schoolteacher cha mwaka 1975, alieleza kwamba mtu huanza kujifunza ualimu akiwa bado mwanafunzi. Kwa miaka zaidi ya kumi anamtazama mwalimu akiuliza, akisahihisha, akisifu na kukemea, na anapoingia chuo picha ya mwalimu ilikwisha kukaa kichwani zamani. Kwa mwalimu wa awali wa Tanzania hoja hiyo ina uzito zaidi. Elimu ya awali iliingizwa katika mfumo rasmi na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, na sera ya mwaka 2014 ndiyo iliyofanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Kwa hiyo walimu wengi walio kazini wamebeba picha ya darasa la kwanza: madawati, ubao, na darasa zima likiitikia irabu kwa sauti moja. Wakikabidhiwa watoto wa miaka minne na mitano, wanapima kilichopimwa kwao: nani amekaa kimya, nani amejibu upesi, nani hakutoka nje ya mstari. Mtaala unazungumza habari za michezo na kona za ujifunzaji, lakini jicho la mwalimu bado linatafuta mwanafunzi wa darasa la kwanza aliye mfupi kidogo. Hata methali huitwa kutoa ushahidi: samaki mkunje angali mbichi, basi mtoto akunjwe mapema kwenye dawati. (Methali yenyewe haikusema akunjwe vipi.)

Je, imani ya mwalimu inaweza kweli kumbadilisha mtoto? Utafiti unaotajwa mara nyingi kuliko wote ni ule wa Robert Rosenthal na Lenore Jacobson uliochapishwa mwaka 1968. Katika shule moja ya msingi huko California walimu waliambiwa kwamba baadhi ya watoto, kama asilimia 20, walionekana katika jaribio kuwa karibu kuchanua kiakili. Ukweli ni kwamba majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Mwaka ulipoisha, waliotajwa walikuwa wamepanda kuliko wenzao, hasa wale wa madarasa mawili ya chini. Utafiti huo ulishambuliwa vikali tangu ulipotoka, na kwa haki: vipimo vilivyotumika kwa watoto wadogo vilikuwa dhaifu, na tafiti nyingi zilizofuata ziligundua kwamba nguvu ya matarajio ya mwalimu ni ndogo kuliko ilivyotangazwa. Ila katika majibizano hayo kuna tunda moja la kukufaa. Stephen Raudenbush alipokusanya majaribio ya aina hiyo mwaka 1984 aliona kwamba taarifa za uongo ziliwateka zaidi walimu ambao walikuwa hawajawazoea watoto wao. Waliokwisha kukaa nao zaidi ya wiki mbili hivi hawakuyumbishwa kirahisi, kwa kuwa walikuwa na mambo waliyojionea wenyewe.

Tafsiri yake katika kazi yako ni hii. Januari unapopokea watoto, usiulize sifa zao. Usikubali kuambiwa "huyu ni mdogo wake fulani, familia nzima ndivyo walivyo", wala usipange meza ya wepesi na meza ya wazito katika mwezi wa kwanza. Wiki hizo andika matendo matupu. Mwalimu mwenzako akikuletea historia ya mtoto, ipokee ile inayohusu afya na usalama wake: kifafa, pumu, nani anaruhusiwa kumchukua mchana. Mengine yasubiri.

Jambo la pili ni umri, nalo huwaponza watoto wengi kimyakimya. Mchumi Todd Elder alichapisha mwaka 2010 uchunguzi wa takwimu za watoto wa Marekani, ambako kila jimbo lina tarehe ya mwisho ya kuzaliwa kwa anayetaka kuanza shule mwaka huo. Waliozaliwa mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, ambao ndio wadogo kuliko wote darasani, asilimia 8.4 walikuwa wameandikiwa kwamba wana tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Waliozaliwa mwezi mmoja baada yake, ambao ndio wakubwa darasani, walikuwa asilimia 5.1. Watoto wanaotofautiana majuma machache tu ya kuzaliwa hawawezi kutofautiana hivyo kwa maradhi. Kilichotofautiana ni watu waliowazunguka darasani. Tena maoni ya walimu ndiyo yaliyofuata sana tarehe ya kuzaliwa. Ya wazazi hayakuyumba hivyo, maana mzazi hamlinganishi mwanawe na wengine thelathini waliokaa mbele yake kila asubuhi. Sasa fikiria darasa la awali la kwetu, ambamo mtoto wa miaka minne kasoro ameletwa kwa kuwa dada yake anasoma hapohapo, na pembeni yake ameketi wa miaka sita aliyecheleweshwa. Chukua rejesta yako leo na mbele ya kila jina uandike umri kwa miezi. Kazi hiyo haimalizi saa moja. Ukitaka kuandika kwamba mtoto yuko nyuma, angalia kwanza safu hiyo: yuko nyuma ya nani, na huyo anamzidi miezi mingapi?

Kuna pia imani isiyoonekana kuwa imani, nayo ni kwamba uwezo wa mtoto ni kitu kimoja kinachojitokeza kwa namna yoyote utakayomwuliza. Robert Serpell alilijaribu jambo hili kwa watoto wa Zambia na wa Uingereza, na matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Watoto waliombwa kuiga umbo waliloonyeshwa. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliwazidi Wazambia. Kwa waya, Wazambia waliwazidi Waingereza, kwa kuwa kutengeneza magari ya waya ulikuwa mchezo wao wa kila siku. Kwa udongo wa mfinyanzi, ambao pande zote mbili ziliuzoea, hawakutofautiana. Mpimaji ambaye angeleta kalamu peke yake angeondoka na hukumu kuhusu akili za watoto, kumbe alichopima ni mazoea ya kalamu. Karibu zaidi na sisi, Sara Harkness na Charles Super waliofanya kazi Kokwet, jamii ya Wakipsigis magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1970, waliwakuta watoto wanaotumwa na kutegemewa nyumbani, ambao mtu mzima akiwataka wasimulie tena hadithi fupi waliyoisikia wanabaki kimya au kutoa maneno machache. Kwao, mtoto kusimama kumweleza mkubwa jambo ambalo mkubwa mwenyewe analijua halikuwa jambo la kawaida. Wazazi walipima akili kwa kingine: kuona kinachotakiwa kufanywa nyumbani na kukifanya bila kusubiri kuambiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba mtoto hawezi, badilisha njia ya kumwuliza angalau mara mbili. Badilisha kifaa: aliyeshindwa kuchora duara kwa penseli afinyange kwa udongo au alipange kwa mbegu. Badilisha lugha: mtoto wa Mbulu aliyekuja na Kiiraqw, au wa Monduli aliyekuja na Kimaasai, aulizwe na mwenzake kwa lugha ya nyumbani huku wewe ukitazama kidole chake kinaelekea wapi. Badilisha na mwulizaji, maana wako wasiofungua kinywa mbele ya mwalimu lakini uwanjani ndio wanaogawa zamu za kuruka kamba na kukumbuka nani amekosa mara ngapi. Ukiliona hilo uwanjani, liandike. Ni upimaji halali, na pengine ndio ulio safi kuliko wote, kwa sababu hukuuliza swali.

Tuchukue kuhesabu tuone tofauti ya tendo na hukumu inavyokuwa karatasini. Mtoto anaimba moja hadi ishirini bila kukosea, na katika madarasa mengi hapo anawekewa alama ya vema. Mwambie sasa, "nipe vizibo vinne," kutoka kwenye kikapu cha vihesabio. Wengi wa umri wa miaka mitatu na minne wataingiza mkono na kutoa konzi nzima, na Karen Wynn alipochunguza jambo hilo mwaka 1990 alionyesha kwamba kuimba namba na kujua kwamba neno "nne" linataja idadi ni mambo mawili yanayopishana kwa miezi mingi. Mbele ya mtoto kama huyo, mwalimu mmoja ataandika: "Kuhesabu: vizuri." Mwingine ataandika: "Machi 4, kona ya hesabu. Ameimba 1 hadi 20. Nikamwambia nipe viwili, akanipa viwili. Nipe vinne, akanipa konzi. Tukahesabu pamoja nikimshika kidole, kizibo kwa kizibo, akafika vitatu, kisha kidole kikatangulia sauti." Maandishi ya pili yamechukua mistari mitatu, nayo yanakwambia somo la kesho: mchezo wa kutoa vitatu, kidole na sauti viende pamoja, ishirini isubiri. Yanakulinda pia usijidanganye, kwa sababu uliyemwona kuwa hodari ana pengo, na aliyesahau kumi na tatu katika wimbo huenda ndiye anayetoa vitano bila kusita.

Najua jibu lako la kwanza. Mwongozo wa serikali ya Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na darasa lako lina 70. Utamwandikia nani mistari mitatu? Pingamizi hili ni la kweli na halijibiwi kwa kumhimiza mwalimu ajitume. Linajibiwa kwa hesabu. Chagua watoto watano kwa siku, majina yao uyaandike asubuhi kwenye kipande cha karatasi mfukoni, na siku hiyo macho yako yawe kwa hao. Darasa la 70 linazunguka kwa siku 14 za masomo. Mwaka wa shule una siku 194, hivyo mzunguko unakamilika mara kumi na tatu. Toa siku za utoro, mvua na vikao, bado kila mtoto atabaki na kumbukumbu kama kumi. Kumbukumbu kumi za mistari mitatu zinakuonyesha mtoto alivyobadilika kati ya Februari na Oktoba, jambo ambalo alama za vema sabini zilizowekwa alasiri moja kabla ya kufunga shule haziwezi. Kisha utaratibu huu unatibu ugonjwa mwingine wa madarasa makubwa. Ukiacha macho yaende yanakotaka, yatakwenda kwa mtundu na kwa hodari, na watoto arobaini wapole watamaliza mwaka bila mtu kuwatazama. Zamu inawafikia hata wao. Tumia daftari moja la kaunta, kurasa mbili kwa kila mtoto, na usianzishe fomu mpya. Fomu zimeshawachosha walimu vya kutosha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwalimu mzoefu atasema hahitaji daftari, anawajua watoto wake. Na ushahidi uko upande wake kwa sehemu kubwa: Anna Südkamp na wenzake walipojumlisha mwaka 2012 tafiti zilizolinganisha makadirio ya walimu na alama za majaribio, walipata uwiano wa wastani wa 0.63, ambao katika mambo ya watu ni mkubwa. Walimu hawabahatishi. Lakini uwiano huo unasema kwamba kwa jumla wanajua nani yuko juu na nani yuko chini. Hausemi mtoto anajua nini na amekwama wapi, na hilo ndilo unalolihitaji kesho saa mbili asubuhi. Halafu wastani unaficha ni nani wanaokosewa. Tukiyafuata tuliyoyaona, makosa hayatawanyiki kwa wote sawa; yanawaangukia walio wadogo kwa umri darasani, wenye lugha nyingine nyumbani, na waliolelewa kunyamaza mbele ya wakubwa. Uzoefu bila maandishi hauna njia ya kugundua kosa la namna hiyo, kwa kuwa kumbukumbu hukusanya matukio yanayokubaliana na lile lililokwisha kuaminiwa. Fanya jaribio dogo. Kabla ya kufungua daftari, andika jina la mtoto unayedhani ndiye wa mwisho katika lugha, kisha soma kurasa zake mbili. Mara nyingi utakuwa sahihi. Zile mara chache ambazo hukuwa sahihi ndizo zinazolipia daftari.

Wazazi nao wana swali lao, na ni lilelile kutoka Tanga hadi Kisumu: amekuwa wa ngapi? Usiwadharau kwa hilo. Wamelipia sare na uji, wanataka kujua kama fedha yao inafanya kazi, na nafasi darasani ndiyo lugha pekee ya shule waliyofundishwa. Kenya imejaribu kuliondoa swali hilo kwa ngazi nne za mtaala wa umilisi: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Ngazi hizo zina nafuu kuliko namba, lakini nazo bila tendo chini yake hugeuka namba kwa jina lingine, na mzazi mwerevu ataanza kuhesabu ni watoto wangapi "wamezidisha". Mzazi akija, fungua daftari umsomee: Februari alitoa viwili, Juni anatoa vitano, Februari alisimama mlangoni akilia, sasa ndiye anayempokea mgeni. Mwonyeshe na la kufanya nyumbani, ahesabu vikombe vya chai mezani, kimoja kwa kila mtu. Wachache watang'ang'ania nafasi, na mwalimu mkuu atakwambia shule binafsi ya jirani inatoa vyeti vya mshindi wa kwanza. Hapo msimamo wangu ni wa wazi: mtoto wa miaka mitano asipangwe wa kwanza wala wa hamsini, na shule inayouza hilo inauza kitu ambacho haijakipima.

Limebaki pingamizi ambalo ningelihofia zaidi kama ningekuwa wewe. Je, kuahirisha hukumu hakutamchelewesha mtoto mwenye shida ya kweli? Kungemchelewesha kama kuahirisha kungekuwa na maana ya kutotazama. Ila neno "mzito" ndilo linalochelewesha, kwa sababu linafunga shauri: mtoto ni mzito, basi. Tendo lililoandikwa linafungua shauri. "Aprili 9, hakugeuka nilipomwita kwa nyuma mara tatu. Aprili 23, anatazama mdomo wangu ninaposema. Sikio la kushoto linatoa usaha." Kwa maneno hayo mzazi anakwenda zahanati siku hiyohiyo na mganga ana pa kuanzia. Basi iwe desturi: kila mtoto unayetaka kumwita msahaulifu, mkaidi au mzito, kwanza simama nyuma yake hatua chache, umwite jina kwa sauti ya kawaida, kisha mwonyeshe picha ndogo kwa mbali na kwa karibu uone kama anakunja macho. Hii haihitaji mafunzo maalumu. Asiyegeuka, asiyeona, aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, au anayezimia macho wazi katikati ya mchezo, huyo mzunguko wa siku 14 haumhusu. Mzazi aitwe leo. Walio Kenya wana pia vituo vya EARC vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, na huko karatasi yenye tarehe na matendo ina thamani kuliko barua ya kurasa mbili inayosema mtoto anasumbua.

Mwisho wa mwaka utakabidhi watoto kwa mwalimu wa darasa la kwanza, naye atataka orodha ya wanaojua kusoma na wasiojua. Mpe kidogo kuliko anachoomba. Karen La Paro na Robert Pianta waliokusanya mwaka 2000 tafiti nyingi za kufuatilia watoto kutoka awali hadi madarasa ya mwanzo, waliona kwamba vipimo vya kitaaluma vya awali hueleza kama robo tu ya tofauti zitakazoonekana baadaye, na vile vya tabia na mahusiano hueleza pungufu ya hapo. Robo tatu na zaidi bado haijaandikwa, na sehemu yake itaandikwa na huyo unayemkabidhi. Kwa hiyo mnakilie kwa kila mtoto kumbukumbu mbili za karibuni, za Oktoba na Novemba, ukiongeza lugha anayozungumza nyumbani, umri wake kwa miezi, na aina ya msaada uliomfanya aweze: kushikwa kidole, kurudiwa maelekezo akiwa peke yake, kukaa karibu na ubao. Kurasa za Februari zisiende. Mtoto wa kurasa hizo hayupo tena. Nakala ya karatasi hiyo mpe mzazi, maana familia huhama kati ya Desemba na Januari, na shule mpya haitakuwa na mtu wa kumwuliza.